DNA ni moja, mbona moyo si ini?

Dadangu, umeuliza mbona seli za moyo na za ini hazifanani ilhali DNA (maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli) ni ile ile. Tofauti ni jeni (vipande vya hiyo DNA) zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Chembe nyekundu ya damu, kwa mfano, hujijaza hemoglobini (protini ya kubeba oksijeni) hadi ikatupa kiini chake, panapokaa DNA, kisha huishi siku 120 hivi. (Mimi hilo hunishangaza mpaka leo.)

Na tishu (kundi la seli za kazi moja) na ogani (kiungo cha mwili) je? Mie hununua matumbo buchani, hapa Majengo Mombasa. Kata kipande cha ile taulo, lile tumbo la ng'ombe lenye manyoya kama taulo: vinyweleo vya ndani vimefunikwa na epithelia, tishu ya juu ya kufyonza; nje kuna msuli wa kusukuma chakula, ndio unaochelewa kuiva! Baina yake mishipa ya damu. Zikishirikiana tishu hizo, ndiyo ogani. Na ogani zikishirikiana, kama tumbo, utumbo na ini, ndiyo mfumo, huu wa mmeng'enyo wa chakula.