Jibu kuhusu kusafisha maganda ya shaba kabla ya kujaza upya

Mdogo wangu wa Makorora unayekwenda Durban masomoni, umeuliza kama maganda ya risasi za milimita 9 utakayookota kwenye klabu ya shabaha unaweza kuyasafisha kwa dawa ya kufutia vioo yang'ae kama mapya. Soma kibandiko cha chupa kwanza. Kama ina amonia, usiyaguse nayo.

Nililenga shabaha Durban miaka sita. Mwaka wa kwanza nilipanga chumba cha uani, na ndoo yangu ya maganda nikaiweka kando ya banda la kuku la mwenye nyumba. Mvua zikapita. Nilipoifungua, mengi yalikuwa na ufa mwembamba umeshuka kutoka mdomoni, na wala sikuwa nimeyagusa. Mzee mmoja wa klabuni akayanusa, akanieleza habari ya jeshi la Waingereza kule India: maganda yaliyokaa kwenye mazizi ya farasi yalikuwa yakipasuka yenyewe majira ya mvua, na mwaka 1921 ndipo ikathibitishwa kuwa chanzo ni amonia itokayo kwenye mkojo. Kinyesi cha kuku nacho hutoa amonia. Shaba ya ganda ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki 30, na ikishakandamizwa kiwandani hubaki na mkazo ndani yake. Amonia huupata mkazo huo, ikalipasua ganda.

Tumia ulichokiona kwenu. Bibi yangu hapa Tanga alisugua masinia ya shaba kwa ukwaju. Kazi ya asidi ni ile ile. Mimi nilitia kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, ile ya ndimu, kwa lita ya maji ya moto na tone la sabuni, dakika kumi tu, kisha nikasuuza sana. Ukiyasahau humo yatageuka rangi ya waridi, maana zinki imeanza kutoka juu. Toa kwanza fataki zilizokwisha kulipuka, yaani vile vikombe vidogo vya kitakoni vinavyowasha baruti, la sivyo maji yatajificha chini yake. Na usifanye jikoni: masizi ya fataki yana risasi, ile metali yenye sumu. Vaa glavu.

Kung'aa si lengo. Unasafisha ili uone. Tia maganda matano kiganjani uyatikise, kama mama anavyogonga chungu gulioni kabla hajalipa. Lenye ufa halilii kama wenzake. Lililovimba karibu na kitako, tupa. Sumaku itakutolea ya chuma. Chungulia ndani kabla ya kutoa fataki: matundu mawili madogo badala ya moja katikati maana yake ni fataki ya aina nyingine, na pini ya kuitolea itavunjika. Angalia pia maganda ya .380, risasi ya aina nyingine inayofanana na hii, yaliyojichanganya; ni mafupi, kama milimita 17.

Huku nyumbani usiyajaribu haya bila leseni. Silaha na risasi zina sheria yake ya 2015. Kule Durban, fanya chini ya macho ya klabu.

Kurudisha ganda kwenye kipimo chake baada ya kutanuka ni kazi nyepesi: dai, yaani kalibu ya kulibana, ikiwa ya kabaidi (metali ngumu sana) haihitaji mafuta, ya chuma cha kawaida inahitaji. Kisha tanua mdomo kidogo tu, kichwa cha risasi kikae bila kukwanguliwa. Ukizidisha, mdomo ndio utakaopasuka kwanza. Urefu usizidi milimita 19.15. Kwa miaka yote sita sikuwahi kukata ganda la milimita 9 hata moja, maana kila likitumika hufupika kidogo badala ya kurefuka.