"Accrue" si "malimbikizo"

Anayeanza kutafsiri nyaraka za benki au za mishahara hukutana na neno la Kiingereza "accrue" mapema sana, na kamusi humpa "limbikiza". Makosa huanzia hapo. Kulimbikiza kuna mtu anayekusanya: tajiri hulimbikiza mali. "Accrue" mara nyingi haina mkusanyaji. Kitu kinaongezeka chenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Ndiyo maana kiima huwa riba, faida au siku za likizo.

Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, riba isiyozaa riba. Kwa mwaka ni 180,000. Gawa kwa 365, kila siku inaingia 493 na senti. Siku ya 20 riba imefika 9,863, ilhali tarehe ya kulipa ni siku ya 30. Hiyo 9,863 ndiyo "accrued interest". Ukiandika "malimbikizo ya riba", msomaji wa Tanzania ataona mteja kachelewa kulipa, kama vile malimbikizo ya mishahara ya walimu. Mteja hana kosa, siku yake haijafika. Andika "riba iliyofikiwa hadi tarehe" fulani. Deni lililopitiliza tarehe lina neno lake, "arrears", na hilo ndilo malimbikizo.

Kwenye likizo mambo ni mepesi. Sheria ya Kenya inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka, yaani 1.75 kwa mwezi. Aliyemaliza miezi minne ameshajipatia saba. "Kujipatia" linatosha.

Angalia pia kinachofuata kitenzi: "on" huonyesha deni linalozaa riba, "from" chanzo, "to" anayenufaika. Usiseme vitabu au vumbi vina-"accrue". Hivyo hurundikana, na Kiingereza chake ni "accumulate", lenye asili ya neno la Kilatini la lundo. "Accrue" asili yake ni kukua.

Wahasibu nao hulitumia kwa kutenda: "wana-accrue" gharama. Ankara ya maji ya Desemba, 240,000, inaletwa Januari 8. Vitabu vya Desemba vinafungwa na gharama hiyo ndani yake: debiti (upande wa kushoto wa hesabu) gharama ya maji, krediti (upande wa kulia) gharama zinazodaiwa. Januari 1 ingizo hilo linageuzwa, debiti na krediti zikibadilishana nafasi. Karani mpya husahau kuligeuza, kisha anaingiza ankara ikifika, na maji ya mwezi mmoja yanahesabiwa mara mbili. Ukiona gharama ya Januari imeruka bila sababu, anza kutafuta hapo.

Mahakamani neno linageuka kabisa. "The cause of action accrued" haina ongezeko lolote ndani yake. Ni siku moja tu, siku haki ya kushtaki ilipozaliwa. Kenya, madai ya mkataba yana miaka 6, na hesabu huanzia siku hiyo. Andika "ilipolimbikizwa" na wakili atakurudishia karatasi yako.