Maswali ya wasomaji: jiki na dawa ya choo kwenye ndoo moja

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Mimi ni mhudumu wa usafi katika gesti moja mjini Morogoro. Msimamizi wetu anasema jiki ikichanganywa na dawa ya choo, madoa ya njano yanatoka haraka. Juzi mwenzangu alifanya hivyo, akatoka chooni anakohoa, machozi yanamtiririka. Tukampa maziwa. Je, alizidisha kipimo? – Mhudumu, Morogoro

JIBU: Dada, hapo hakuna kipimo cha kupunguza, hata kifuniko kimoja. Jiki ni hipokloriti ya sodiamu ndani ya maji. Dawa nyingi za choo za kutoa kutu na chokaa zina asidi hidrokloriki. Zikikutana, gesi ya klorini inatoka. Ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo inatuama chini, na anayeinama kusugua sinki la choo ndiye anayeivuta kwanza. Ikigusa unyevu wa macho, koo na mapafu, inageuka asidi humo humo. Barakoa ya kitambaa haiizuii.

Mwezi Novemba 2019, mgahawani Burlington, Massachusetts, Marekani, dawa mbili za usafi, moja ya asidi na nyingine ya klorini, zilikutana sakafuni. Meneja aliyejaribu kuzifagilia nje alifariki.

Na hilo doa halitoki kwa mchanganyiko huo. Umanjano sugu kwa kawaida ni chokaa ya maji na chumvi za mkojo, na kazi ya kuviyeyusha ni ya asidi. Jiki inalipausha tu. Mkizichanganya zinaharibiana, mnabaki na dawa hafifu na gesi.

Fanyeni hivi. Fungueni dirisha na mlango, mvute maji kwanza, kwa sababu jiki ikikuta mkojo inatoa kloramini, nayo ni gesi kali. Mimineni dawa ya choo peke yake, msubiri muda ulioandikwa kwenye chupa, msugue, mvute maji mara mbili. Suuzeni brashi pamoja na kikopo chake. Watu husahau kikopo, kumbe asidi imetulia humo. Jiki ya kuua vijidudu ingoje zamu nyingine. Kwa sakafu iliyokwisha kuoshwa kwa sabuni na kusuuzwa, ml 300 za jiki ya asilimia 3.5 zinatosha ndoo ya lita 10 ya maji baridi. Iacheni dakika 10. Jiki isikutane pia na siki, ndimu, spiriti wala dawa ya vioo yenye amonia.

Gesi ikitoka, tokeni mara moja, ndoo iacheni hapo hapo. Macho yaoshwe kwa maji yanayotiririka dakika 15, nguo zilizolowa zivuliwe. Maziwa hayasaidii kitu: sumu imeingia kwa pumzi, haikupitia tumboni. Mwenzako akiwa bado anakohoa au kifua kinabana, aende hospitali leo na picha ya chupa zote mbili, kwani maji yanaweza kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye. Mwenye pumu asisubiri hata kikohozi.

Msimamizi naye akumbushwe kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwajibisha mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake. Glavu na mafunzo ni sehemu ya kazi, si hisani.

SWALI: Tunanunua jiki ya kupimiwa, tunaiweka kwenye chupa za maji ya kunywa. Kuna ubaya? – Msomaji, Tanga

JIBU: Upo, tena mkubwa. Mtu atainywa, au ataongezea dawa nyingine juu ya mabaki. Isitoshe, nguvu yake haijulikani, hivyo vipimo tulivyotoa hapo juu havifai kwake. Nunueni yenye lebo ya kiwandani na mwiache kwenye chupa yake.