Fiwi, mukuna au desmodiamu? Anza na swali la nani atakula majani

Mkuu, umeuliza upande mmea gani wa jamii ya kunde kwenye ekari mbili za mahindi zilizochoka, ukiwa na ng'ombe watatu wa maziwa, na kwamba jirani amekushauri mukuna. Mimi nalima Karatu, mahindi na ng'ombe wa ndani kama wewe, na kabla ya jina la mbegu nakuomba uamue jambo moja: majani yale ni ya nani, ya udongo au ya hori? Ukishindwa kuligawa hilo mapema, ng'ombe watakugawia wenyewe ifikapo Septemba, na shamba litabaki jeupe.

Mukuna ni mfalme kwa upande wa udongo. Inatambaa, inafunika ardhi yote, inazima hata sangari. (Si ule upupu unaowasha, ingawa ni ndugu wa damu.) Lakini inapanda juu ya mahindi na kuyalaza usipochelewa kuipanda, na mbegu zake zina kemikali inayozuia zisiwe chakula cha nyumbani. Kwa ekari mbili tu, msimu mzima bila kitu cha kuweka chunguni ni gharama kubwa. Ningeiweka kwenye kipande kilichokufa kabisa, si shamba zima.

Huku kwetu mmea uliotukaa ni fiwi, wengine wanaita ngwara, na Wakenya wanaijua kama njahi. Mzizi wake unakwenda chini, ndiyo maana mahindi yakishakauka fiwi bado ni kijani, miezi ambayo mfugaji ananunua mabua kwa bei ya kuumiza. Mabua ya mahindi yana protini kama asilimia 5, majani ya fiwi yanakaribia 20. Nikiyachanganya, ng'ombe hamwagi chakula na maziwa hayaporomoki kiangazi. Mbegu unakula, na soko la Kenya linaipenda. Ipande mahindi yakifika magotini, mara baada ya palizi ya kwanza, katikati ya mistari. Ukiipanda siku moja na mahindi itayakaba. Wakati wa maua kagua sana, wadudu wanaotoboa maganda wanaipenda kuliko sisi.

Usimpe ng'ombe mwenye njaa fiwi mbichi peke yake asubuhi, tumbo litajaa gesi. Kata, acha inyauke, changanya na mabua au majani ya tembo.

Sasa sehemu ambayo watu wengi hawaambiwi. Naitrojeni, rutuba ambayo bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi ya mimea hii huivuta kutoka hewani, haibaki yote ardhini, sehemu kubwa iko kwenye majani na mbegu. Ukifyeka kila kitu, ukapeleka zizini, na samadi ukaiuza au ukaiacha inyeshewe, umehamisha rutuba kutoka shambani halafu unashangaa mbona jamii ya kunde haikusaidia. Mimi nakata juu ya goti, naacha shina la chini na majani yaliyodondoka yafunike udongo, mizizi siing'oi, na samadi inarudi shamba lile lile. Kujua kama mmea unafanya kazi, chimbua taratibu ukielekea kutoa maua, pasua kinundu cha mzizi kwa ukucha: ndani kukiwa na wekundu, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au kijivu, haufanyi kitu. Fiwi, kunde na mukuna kwa kawaida hupata bakteria wao kwenye udongo wetu bila kununua bakteria wa kupaka kwenye mbegu. Lusini (alfalfa) ndiyo inayodai bakteria wake maalumu.

Kama uko mlimani kwenye mvua nyingi, desmodiamu ni nzuri sana: inadumu miaka, unaikata tena na tena, na mizizi yake inaifanya mbegu ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, iote kisha ife. Wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kenya, waliieneza kwa sababu hiyo. Ila mbegu ni ndogo kama vumbi na mwanzo wake ni wa polepole, msimu wa kwanza ni palizi tu.

Mbaazi ongeza mistari michache, majani yake yanadondoka na kulisha udongo, kuni unapata. Usiitegemee kwa fedha peke yake. Waliokuwa Babati mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi wanakumbuka bei ilivyoanguka. Marejea ni mazuri kwa udongo, lakini jamii yake ina aina zenye sumu ya ini, kwa hiyo kwangu hayaingii horini.

Kwa maelezo yako ningeanza na fiwi ekari moja na nusu, mukuna kwenye nusu iliyochoka zaidi. Lakini niambie mambo mawili kwanza: uko ukanda gani wa mvua, na baada ya mavuno mifugo ya watu inaingia shambani kwako? Kama inaingia na hakuna uzio wala sheria ndogo ya kijiji inayosimamiwa, fiwi hiyo utawalimia wenzako, na itabidi tuzungumze desmodiamu kwenye kingo za matuta karibu na nyumba.