Benchi halikaliwi, bombani kila siku ugomvi

SWALI: Kaka msanifu, habari za kazi. Nina nyumba ya kupangisha Nkuhungu, hapa Dodoma: vyumba 8 kwa mistari miwili, ua katikati. Nilijenga benchi refu la zege chini ya mwarobaini ili wapangaji wapumzike, lakini halikaliwi. Wanarundikana bombani, na mpangaji wa chumba cha kwanza ameshagombana na karibu kila mtu. Nimekutumia mchoro na picha. Je, nibandike sheria za ua?

JIBU: Nzuri, dada. Sheria ziache kwanza. Kwenye mchoro wako bomba liko hatua mbili tu kutoka dirisha la chumba hicho. Maji yakitoka alfajiri, ndoo zinapangwa pale, na foleni ya maji haikosi maneno: nani katangulia, nani kaacha ndoo akarudi kulala. Yote yanamwingia mtu kitandani. Simlaumu yeye, wala hao wenye ndoo.

Lihamishie bomba penye ukuta usio na dirisha, lakini lionekane kutoka milango yote. Pembeni jenga ukuta mfupi wa vimo viwili: sentimita 45 pa kukaa wanaosubiri, na kama 80 pa kuwekea ndoo iliyojaa, ili anayejitwisha asiinue maji kutoka chini. Watu watakaa hapo hapo bombani, na ni sawa kabisa, maana ndipo wanapokutana kwa sababu.

Sasa benchi. Umelijenga magharibi ya mti. Asubuhi lina kivuli, wapangaji wako wakiwa makazini. Saa kumi jioni, wakianza kurudi, kivuli kimehamia mashariki na benchi linapigwa jua. Tena linatazama ukuta wa jirani, mgongo kwa geti. Mama mwenye watoto wanaocheza nyuma yake hawezi kukaa hapo akatulia. Tembe la Wagogo halikuwa na kosa hilo: vyumba viliuzunguka ua, milango ikatazama ndani, na aliyekaa aliona watu na mifugo bila kugeuza shingo.

Hata kunyooka kwake kunaua mazungumzo. Wawili wanaongea, wa tatu anachungulia. Miaka ya 1950, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Weyburn nchini Kanada, mwanasaikolojia Robert Sommer aliwakuta wazee wa wodi moja wamekaa bega kwa bega kando ya kuta, kimya. Viti vilipozungushwa kwenye meza ndogo, wakaanza kusemezana zaidi. Watu walikuwa wale wale.

Usilivunje benchi, na usimwage zege jingine kwa kukisia. Nunua viti 6 vyepesi vya plastiki, viache uani wiki mbili, kisha angalia kila jioni wamevibeba hadi wapi na wamevigeuzia wapi. Alama za miguu ya viti kwenye vumbi ndiyo ramani yako. Ukijenga, jenga hapo, kwa umbo la pembe ili wanaokaa waonane usoni.

Bomba jipya liwekee sakafu yenye mteremko, na maji yanayomwagika yaelekee magharibi ya benchi la sasa. Kama kuna nafasi, panda mche wa mwarobaini hapo. Ukikua, benchi lako litapata kivuli cha jioni.