Kifaru chenye ndani kamili: maswali yenu nimekaa leo kuyajibu

Asalam aleikum jamani. Toka nioneshe ile T-34/85 yangu, kifaru cha Kirusi cha Vita vya Pili vya Dunia, nilomaliza kabla ya Ramadhani, ile ukifungua vifuniko unaona viti, injini mpaka makombora yamepangwa, maswali yamekuja mengi na nafasi nlikuwa sina, leo nimekaa na birika langu la mkandaa nayajibu yale yanayofaa wengi. Kwa asiyejua, hizi ni modeli za plastiki za kiwango cha 1:35, yani kila sentimita 35 za kifaru cha kweli zinakuwa sentimita moja mezani kwako. T-34/85 ya kweli na mzinga wake ni mita 8.15, ya kwangu ina sentimita 23 na kidogo, inakaa kwenye sinia dogo la kahawa. Haya twende.

Sijawahi kujenga hata kimoja. Mjomba wangu yupo Dubai anauliza aniletee kipi, nimwambie Tiger yenye ndani? (Kijana, Chake Chake)

Mdogo wangu, Tiger, kile kifaru cha Kijerumani, najua inavyovuta macho lakini usianze nayo. Magurudumu yake yamepandana kama magamba ya samaki, safu ndani ya safu, ukikosea ya kwanza zote zinakataa, halafu ilikuwa inabeba makombora 92 na ukipata seti kamili kama za kampuni ya Rye Field yote hayo yanakungoja wewe uyapake moja moja. Mtu wa mwanzo anachoka kwenye la thelathini, sanduku linarudi chini ya kitanda, na mimi inaniuma sana nikiona mtu kaacha njiani.

Mwambie mjomba T-34/85 yenye ndani, kampuni ya MiniArt ya Ukraine wanayo. Kifaru hicho tareti yake, yani kile kibanda cha juu chenye mzinga, haina sakafu inayozunguka nayo, mpakiaji alikuwa anasimama juu ya masanduku ya makombora yalotandikwa mikeka ya mpira. Kwaivo ndani kupo wazi, vitu unavishusha kwa juu kama unavyopanga kapu. Na atie na kimoja cha bei ndogo kisicho na ndani, hicho ukianze kwanza, makosa yako yote uyamalizie hapo. Gundi na makopo ya rangi ya kupuliza asitie kwenye begi la ndege, vinashika moto, watavitoa uwanjani.

Napaka rangi kabla ya kugundisha au baada? Karatasi ya maelekezo inaonesha gundi tu. (Dada wa Jang'ombe)

Dada yangu, hapa ndo wengi wanapoharibu, na karatasi haikusaidii kwa sababu imepangwa kwa mtu anayeunganisha, haikupangwa kwa mtu anayepaka. Soma kurasa zote mwanzo mpaka mwisho kabla hujakata kipande hata kimoja, na kalamu mkononi, uandike wapi utasimama upake. Mimi navigawa hivi: kila kilicho rangi moja na ukuta, mabano, visanduku vidogo, nagundisha kwanza halafu napaka pamoja na ukuta wenyewe. Kila chenye rangi yake, viti, redio, makombora, bunduki, injini, nakibandika kwenye kijiti cha mshikaki nakipaka pembeni, nakitia mwisho.

Na jaribisha bila gundi, kila hatua, uchoke kujaribisha. Milimita moja kwenye modeli ni sentimita tatu na nusu kwenye kifaru cha kweli, injini ikikaa juu nusu milimita tu basi bamba la nyuma halilali, na utalijua hilo siku ya mwisho ushamaliza kila kitu. Injini ya T-34 ni dizeli ya silinda 12, imelala kwa urefu wa bodi, nyuma yake giaboksi, ile safu nzima mimi naiunganisha kwa ulimi wa karatasi ya gundi kwanza, nafunika bamba, naangalia mwanga unapita wapi kwenye kiungo, nikiuona tu nafungua napiga msasa chini ya mguu wa injini. Mara nne tano. Ndo kazi yenyewe hiyo.

Chukua mfano wa pale kwa dereva. Mlango wake upo mbele, unafunguka kwenda juu, na mtu akichungulia anaona usukani wa mikono miwili, yani zile fimbo mbili za kukatia kona, na mbele miguuni mitungi miwili ya upepo ulobanwa, ilikuwa ya kuwashia injini betri ikishindwa. Ile mitungi nlipaka pembeni, nikasubiri siku nzima, halafu kwa ncha ya kiwembe nikakwangua rangi pale inapokaa gundi, mgongoni kwa mtungi na kwenye kikalio chake. Gundi ya plastiki haishiki juu ya rangi, inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki kwa plastiki zikawa kitu kimoja, ukigundisha rangi kwa rangi kitu kinang'oka siku unayokigusa na kinalia ndani kama njuga na bodi ushaifunga.

Jengine nikwambie kwa sababu lilinipata. Kifaru changu cha kwanza chenye ndani nlikifunga usiku ule ule nlotumia supagluu kushikisha nyaya. Asubuhi vioo vyote vya periskopu, yani vile vya kuchungulia nje, na ukuta wa karibu yake vimeshika ukungu mweupe haufutiki. Ule mvuke wa supagluu ukikosa pa kutokea unatua kwenye vitu. Kazi ya miezi minne, nlisikitika siku nyingi wallahi. Sasa hivi nikiitumia ndani naacha wazi siku mbili feni inapepea, na karibu na vioo natumia gundi nyeupe ya mbao basi, ikikauka inakuwa haionekani.

Kwa nini ndani wanapaka nyeupe, na Mjerumani na Mrusi walikuwa sawa? (Mstaafu, Wete)

Shikamoo mzee wangu. Ndani ya chuma mle kiza, mwanga unaingia kwa matundu tu na taa chache, rangi nyeupe inausambaza ule uliopo, na watu watano wanafanya kazi mle, wanasoma vipimo wanashika makombora. Mrusi alipaka nyeupe pale wanapokaa watu. Mjerumani alitumia rangi ya pembe ya ndovu, wenyewe wanaiita Elfenbein, namba yake ya rangi RAL 1001, sehemu ya juu, sakafu na chumba cha injini vikabaki na rangi ya kutu ya chini, ile nyekundu ya kuzuia kutu. Sherman wa Mmarekani ndani nyeupe ila upande wa ndani wa vifuniko wamepaka rangi ya nje, maana kifuniko kikifunguliwa kikiwa cheupe adui anakiona kutoka mbali. Hichi kidogo wengi wanakisahau na ukikipatia mtu anayejua anakuona umesoma.

Ila mzee usitie nyeupe tupu ya kopo, kwenye kitu kidogo inawaka mno, changanya tone la kahawia. Na uchafu uweke pale mtu anapogusa, ukingo wa kifuniko, sakafu chini ya miguu, mbele ya kiti. Juu ya dari nani kakanyaga?

Rangi nikipuliza inakauka na weupe weupe kama vumbi, nimeuziwa rangi mbovu? (Kijana, Nungwi)

Rangi nzima, hewa yetu ndo nzito. Tina inapotoka kwenye rangi inaondoka haraka na inapoza ile sehemu, sasa hewa ikiwa na maji mengi yale maji yanatua juu ya rangi mbichi na yanabaki weupe. Rangi zenye tina kali ndo zaidi. Masika mimi sipulizi kabisa, Machi mpaka Mei nakata, nagundisha, napaka vitu vidogo kwa brashi ya mkono na rangi ya maji. Kupuliza nasubiri kipupwe, au kaskazi siku kavu, saa nne mpaka saa nane mchana, si asubuhi ya umande na si usiku. Kopo liweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu dakika tano kabla, maji ya uvuguvugu nasema, usiliweke jikoni wala juani likaripuka. Ilokwishaingia weupe usiikwangue, ngoja siku kavu upulize tabaka jembamba jipya juu yake, mara nyingi weupe unaondoka.

Na nyinyi wa pwani kuna hili la pili. Plastiki lazima ioshwe kwa sabuni ya vyombo kabla ya rangi, kuondoa mafuta ya kiwandani na ya vidole, lakini maji ya visima vingi vya kwenu yana chumvi, yakikauka yanaacha chembe na rangi inashika juu ya chumvi. Suuza mwisho kwa maji ya mvua.

Vitu vya kuongezea, nyaya, vumbi, nitumie nini? Vya dukani ng'ambo bei yake siiwezi. (Mwalimu wa skuli, Makunduchi)

Mwalimu, vya nyumbani ndo mimi navipenda zaidi hata nikiwa na pesa. Fungua waya wa spika za masikioni zilokufa, ndani kuna nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, hizo ndo nyaya za redio na taa. Mabomba manene tumia waya wa risasi wa kuchomelea redio, unapinda utakavyo na haurudi. Mikanda kata kwenye karatasi ya bati ya ndani ya boksi la chai. Vioo vya vipimo, tone moja la rangi ya kucha isokuwa na rangi juu ya kila saa, ikikauka inang'aa kama kioo kweli, muombe shemeji. Gogo la kujinasulia kwenye matope, kijiti cha mkarafuu cha unene wa milimita nne au tano, ganda lake lina mipasuko midogo inayofanana kabisa na ganda la mti mkubwa.

Vumbi saga chaki, masizi saga mkaa, pakaza kwa brashi kavu. Mchanga wa pwani usitumie, chembe ya nusu milimita kwenye kiwango hichi ni jiwe la karibu sentimita mbili, askari atajikwaa. Na udongo wetu mwekundu ni mzuri, nauchekecha kwa kitambaa cha kanga, lakini kifaru kilopigana Ukraine Vita vya Pili vya Dunia kikiwa na udongo wa Pemba kwenye minyororo si sahihi, changanya na masizi mpaka ukaribie weusi.

Mwanangu ana miaka kumi na moja anataka, hiyo harufu haimdhuru? (Mama, Mwanakwerekwe)

Bi mkubwa, gundi ya plastiki, tina na makopo avitumie na mtu mzima pembeni, barazani penye upepo, si chumbani mlango umefungwa. Kiwembe mkatie wewe. Msasa wa plastiki apige kwa maji, vumbi lisipae. Mwanzie na seti inayobana yenyewe bila gundi na rangi za maji, mpe mwaka.

Nikishafunga nani ataona ndani? Si kazi bure? (Mfanyakazi wa hoteli, Paje)

Si bure hata kidogo, ila amua mapema, kabla ya gundi ya kwanza. Rahisi kuliko yote tareti usiigundishe, T-34 unaizungusha kidogo na inatoka, mtu anaangalia ndani kama anavyofunua sufuria. Bamba la injini tia sumaku ndogo nne pembeni, linashika na linatoka. Kuna wanaokata ubavu mzima na kingo zilokatwa wanazipaka nyekundu, kama vile vifaru vya makumbusho vilopasuliwa, kule Bovington Uingereza pana Centurion imekatwa katikati unaona kila kitu. Mimi ubavu sikati, kwa sababu T-34 springi zake zimo ndani ya ubavu, zimesimama mshazari baina ya watu na bamba, ukikata unaziondoa na ndo zinazonifurahisha. Taa ndogo ya LED ya rangi ya njano moja inatosha, nyeupe kali inafanya mle kama chumba cha daktari.

Mimi nlikuwepo vita vya Kagera. Naweza kujenga kifaru kama vyetu, na ndani yake? (Mzee, Fuoni)

Shikamoo baba. Unaweza, na swali lako nimeliweka mwisho makusudi nikae nalo. Jeshi letu lilikuwa na Type 59 za Kichina, na hiyo Type 59 imetokana na T-54A ya Kirusi, kwaivo seti za T-54 za MiniArt zenye ndani zinakufikisha karibu sana. Watu wanne, mzinga wa milimita 100, dereva mbele kushoto na kuliani kwake makombora na mafuta, mpiga mzinga kushoto na kamanda kakaa nyuma yake, mpakiaji kulia peke yake. Usichukue T-55 kwa kufananisha, angalia juu ya tareti mbele ya kifuniko cha mpakiaji, T-54 ina kile kikofia cha feni cha duara, T-55 haina. Upande wa pili Uganda walikuwa na T-55 na Sherman, kama utataka kujenga na za adui.

Maandishi ya ndani badilisha, ya Kirusi kwangua. Na baba kama ulikaa ndani au ulichungulia tu, nambie kiti kilikuwa kimeshonwa na nini, mlitundika wapi chupa za maji, nini kilikuwa kimefungwa kwa kamba ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote. Nyuzi za shaba ninazo, karatasi ya boksi la chai ninayo, nitakutengenezea hivyo vitu kwa mkono wangu nikuletee Fuoni uvitie mwenyewe.