Usimwambie mtoto azoee

Mama mpendwa,

Barua yako nimeisoma kwa uchungu. Unaeleza kwamba tangu mhamie mji huo mdogo wa mpakani, binti yako wa miaka minane anaitwa majina ya kudhihaki rangi yake, hakuna anayekubali kukaa naye dawati moja, na juzi ulimkuta bafuni akijisugua mikono kwa dodoki hadi ikawa myekundu. Mwalimu anasema ni utani wa watoto, na mumeo anasema atazoea.

Sikubaliani na yeyote kati yao. Mtoto anayejisugua hivyo ameshaanza kuamini kwamba kasoro iko mwilini mwake, na kumwambia azoee ni kumthibitishia. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa Marekani, wenye umri wa miaka mitatu hadi saba, wanasesere weupe na weusi, na wengi wao wakasema mweupe ndiye mzuri. Dharau huingia mapema kiasi hicho.

Leo hii keti naye, mwache asimulie bila kumkatiza, kisha mwambie waziwazi kwamba kosa ni la wanaomdhihaki, wala si la ngozi yake. Usimfundishe matusi ya kujibu, maana mtoto mmoja hawezi kushindana na darasa zima. Mzoeze kusema kwa sauti thabiti, "Usiniite hivyo," kisha aende kwa mtu mzima.

Shuleni nendeni wote wawili, wewe na mumeo, mkiwa mmeandika tarehe, maneno yaliyotamkwa na waliokuwepo. Najua mgeni katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake huogopa kuitwa mkorofi, lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 2, unakataza mtoto kubaguliwa kwa rangi yake, kwa hiyo hamwombi hisani. Mtakeni mwalimu mkuu aseme ni nani atakayesimamia mapumziko na binti yenu atakaa na nani darasani.

Udogo wa mji unaweza pia kukusaidia: mzazi mmoja tu akikubali mwanawe aje kucheza kwenu, binti yako ataingia darasani akiwa na mwenzake. Akiendelea kujisugua, au akianza kukataa shule, mpeleke kwa mshauri nasaha bila kusubiri muhula uishe.

Wako,
Shangazi